Umeitwa usaili wa utumishi? Rudi kwenye tangazo la kazi usome majukumu

Jina lako limetoka kwenye ile PDF ya kuitwa kwenye usaili, umelitafuta mpaka ukalikuta, ukapiga skrinishoti ukamtumia mama. Hongera sana, maana watu ni wengi mno wanaoomba, mwaka 2025 TRA, mamlaka ya mapato, walitangaza nafasi 1,596 wakaomba watu zaidi ya 135,000, kwahiyo kuitwa tu ni hatua. Sasa wengi wakishaitwa wanachokimbilia ni magrupu ya WhatsApp na Telegram, "wadau mwenye past pepa za mtendaji wa kijiji anirushie", wanapakua mafaili mpaka simu inajaa alafu hawamalizi hata moja. Mimi naomba uanze sehemu nyingine kabisa. Rudi kwenye tangazo la kazi lenyewe, ile sehemu imeandikwa majukumu ya kazi. Watu wengi wanaipita wakikimbilia sifa za mwombaji na mshahara, lakini pale ndipo ilipo silabasi yako yote. Mtu anayekusaili anataka kujua kama kesho ukipewa ofisi utaweza kuzifanya zile kazi zilizoandikwa pale, basi, na kila mstari ni swali linalosubiri kuulizwa.

Kama hukulisevu tangazo ulipokuwa unaomba, ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, uangalie au uwaulize mlioomba pamoja, maana dedilaini ikipita matangazo huwa yanaondoka. Na siku nyingine ukiomba kazi pakua tangazo siku hiyohiyo ulihifadhi.

Nitatumia mfano wa Mtendaji wa Kijiji Daraja la III kwasababu halmashauri nyingi zinaitangaza hiyo nafasi na vijana wengi wa astashahada wanaiomba, ila njia ni hiyohiyo hata kama wewe ni muuguzi au afisa ugavi.

Kabla ya kusoma chochote, vyeti

Hili naliweka mwanzo kwasababu inaumiza kuona mtu amesoma wiki nzima, amekopa nauli, anafika mlangoni anarudishwa. Maelekezo yanakuja na lile tangazo la kuitwa, kurasa za mwanzo kabla ya majina, na watu wanaziruka kwenda kutafuta jina. Yasome yote. Kwa kawaida wanataka vyeti halisi, siyo kopi, kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama ulifika, na vya chuo. Risalti slipu za form foo na form siksi hazikubaliwi, na yale matokeo ya muda ya chuo wakati cheti hakijatoka nayo hayakubaliwi. Kama cheti chako bado kipo chuoni kwasababu unadaiwa ada, hilo lishughulikie leo na siyo kesho, nenda uongee na mhasibu wa chuo, ita ndugu, fanya unachoweza.

Kitambulisho nacho. Cha NIDA, cha mpiga kura, cha mkaazi, leseni ya udereva, hati ya kusafiria, kimojawapo kati ya vilivyotajwa kwenye tangazo lako. Alafu angalia majina, herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi Juma na cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi J. Hamisi hapo una kazi ya kufanya, watakudai hati ya kubadili jina, na soma vizuri tangazo linataka ya namna gani kwasababu mara nyingi wanataka iliyosajiliwa wizara ya ardhi kwa msajili wa hati, kile kiapo cha kugongewa muhuri na wakili peke yake kinaweza kisikusaidie. Uliyesoma nje ya nchi hakikisha cheti chako kimetambuliwa, cha chuo kikuu TCU, cha vyuo vya kati NACTVET, cha sekondari NECTA. Na kama kada yako ina bodi au baraza, nesi, mfamasia, injinia, mtu wa manunuzi, beba cheti cha usajili na leseni halisi iliyo hai.

Kingine ni namba ya mtihani. Inapatikana ndani ya akaunti yako na huwa wanaandika kabisa kwamba siku ya usaili hawatoi. Ingia mapema uinakili kwenye karatasi, usitegemee bando la asubuhi ile wakati watu elfu wanaingia kwenye mfumo kwa mpigo.

Majukumu yanavyogeuka kuwa maswali

Chukua daftari. Andika kila jukumu juu ya ukurasa wake, ukurasa mmoja jukumu moja. Chini yake jiulize vitu vitatu: hii kazi inafanywaje hatua kwa hatua, sheria au mwongozo gani unaigusa, na ikiharibika inaharibikaje. Hicho cha tatu ndicho paneli, yaani wale wanaokusaili, wanakipenda.

Tuone. Tangazo la mtendaji wa kijiji linasema atakuwa katibu wa mikutano na kamati zote za halmashauri ya kijiji. Mstari mmoja tu huo lakini ndani yake kuna mambo kibao. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wangapi? Si chini ya 15 wala zaidi ya 25, ipo kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982. Kamati zake za kudumu ni zipi? Fedha, uchumi na mipango, kuna huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, kuna ulinzi na usalama. Mkutano mkuu wa kijiji unawahusu kina nani, kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na kwa utaratibu unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Muhtasari wa kikao unaandikwaje, unaanza na nini, waliohudhuria, wasiohudhuria, kufungua kikao, yatokanayo na kikao kilichopita, ajenda moja moja na maazimio yake, nani atekeleze na lini. Andika muhtasari mmoja kwa mkono, wa kikao chochote cha kubuni, kwasababu kwenye mchujo, ule mtihani wa kuandika, unaweza kuambiwa eleza vipengele vya muhtasari na kama hujawahi kuandika utajaza maneno tu. Na ikiharibika je? Mwenyekiti wa kijiji hataki kuitisha mkutano mkuu kwasababu anajua wananchi watauliza pesa za mchango wa zahanati. Wewe mtendaji unafanyaje? Hilo ndilo swali, na jibu lake lazima lionyeshe kwamba unajua unawajibika kwa Mtendaji wa Kata, unajua kumshauri mwenyekiti kwa heshima na kwa maandishi, na unajua lini jambo linapanda juu.

Jukumu jingine linasema kupokea, kusikiliza na kutatua malalamiko na migogoro ya wananchi. Hapa andaa kabisa kisa cha ng'ombe kuingia kwenye shamba la mahindi, maana kwa nchi hii hicho kisa hakikosi. Wengi wakiulizwa wanajibu "nitawakutanisha wote tusuluhishe" wanaishia hapo, na hilo jibu ni jepesi mno. Elezea kwa mpangilio, kwamba kwanza unahakikisha hakuna fujo, unashirikisha kamati ya ulinzi na usalama, unafika shambani na afisa kilimo au afisa mifugo wafanye tathmini ya uharibifu, unaandika, unawasikiliza pande zote mbili mbele ya mwenyekiti, na kama kiini chake ni mpaka wa ardhi basi kuna baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba na kati yao wanawake wasiopungua watatu, kazi yake ni kusuluhisha. Mgogoro ukishindikana unapeleka kata. Jibu la hivyo linachukua dakika mbili na mtu akikusikiliza anaona kabisa kijana huyu anaweza kukaa kijijini.

Mapato na miradi nayo usiyaache. Mkusanyaji amekusanya ushuru kwa ile mashine ya posi na hela hajapeleka benki, unafanya nini? Darasa linajengwa kwa fosi akaunti, yaani mnanunua vifaa na kusimamia mafundi wenyewe bila mkandarasi, mifuko ya saruji imepungua stoo, unaanzia wapi? Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya mikopo, inagawanywaje? Ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haya ukiyaona yalivyo utagundua hayatokani na past pepa, yanatokana na mistari ileile ya kwenye tangazo.

Dereva naye hivyohivyo. Tangazo lake linasema kuchunguza gari kabla na baada ya safari, matengenezo madogomadogo, kuandika daftari la safari. Basi jifunze kutaja unavyokagua gari kwa mpangilio, oili, maji, breki, matairi, taa, bila kurukaruka. Na usidhani dereva haulizwi maswali ya kuandika.

Alafu kuna mambo ya watumishi wote, kada yoyote ile, haya ni lazima uyajue. Kanuni za maadili ya utendaji katika utumishi wa umma ziko nane: kutoa huduma bora, utii kwa serikali iliyopo madarakani, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, matumizi sahihi ya taarifa. Usizikariri kama shairi, kila moja itafutie mfano wa kazini kwako. Kwa nesi matumizi sahihi ya taarifa ni siri ya mgonjwa, kwa mtunza kumbukumbu ni faili lisilotoka nje ya masjala. Jua pia PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya OPRAS kwenye kupima utendaji kazi, kwasababu matini nyingi zinazozunguka kwenye magrupu ni za zamani na bado zinakufundisha OPRAS kana kwamba ndiyo inayotumika. Watu wa manunuzi vilevile, sheria ya ununuzi iliyopo ni ya 2023 na mfumo wa ununuzi wa kielektroniki ni NeST, ukijibu kwa sheria ya 2011 na TANePS umejitambulisha mwenyewe kwamba umeacha kufuatilia. Dira ya Taifa nayo, ile ya 2050 ilizinduliwa Julai 2025, soma nguzo zake. Na ujue waziri mwenye dhamana na wizara yako, katibu mkuu, na kama unaenda halmashauri jua iko mkoa gani, ina tarafa na kata ngapi, watu wake wanaishi kwa shughuli gani. Majina yanabadilika kwahiyo yaangalie wiki hiyohiyo ya usaili.

Siku ya mchujo

Mchujo ni mtihani wa kuandika, unaweza kuwa wa kuchagua herufi au wa kujieleza, na siku hizi kuna ya kufanyia kwenye kompyuta, kwahiyo kama hujashika mausi siku nyingi pita hata intaneti kafe ukae nusu saa uzoee. Kwenye ya kujieleza soma swali linataka nini, taja na eleza ni vitu viwili, mtu ameambiwa aeleze matano anaorodhesha matano kwa neno mojamoja anatoka anafurahi. Toa hoja, ifafanue kwa sentensi mbili, weka mfano wa kada yako, nenda inayofuata. Swali linalokugomea liruke urudi baadaye. Kuna kada zina usaili wa vitendo kabla ya mahojiano, katibu mahsusi kwa mfano tangazo linataja hatimkato (shorthand) ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika, hiyo huwezi kuisoma usiku mmoja, inataka mazoezi ya kila siku na mtu wa kukusomea huku unaangalia saa.

Mbele ya paneli

Ukishafaulu mchujo unaitwa mahojiano, na hapa nataka nikae kidogo kwasababu wengi wanaofeli hapa wanajua majibu kabisa, ila hawajawahi kuyatamka kwa sauti. Kujua kichwani na kusema mbele ya watu wanne watano usiowajua ni vitu viwili tofauti. Tafuta watu wawili watatu, kaka, dada, mwenzako mlioitwa wote, wakae upande mmoja wa meza wewe upande wa pili, ingia mlangoni kweli, salimia, subiri kukaribishwa kiti. Wakuulize bila kucheka. Jirekodi kwenye simu ujisikilize, utasikia "yaani", "aaah", "kama nilivyosema" zilivyo nyingi. Rudia mpaka zipungue. Fanya hivyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, usijiandae lugha moja.

Salamu inawasumbua watu. Habari za asubuhi au habari za mchana kwa wote inatosha na ni ya kiofisi, ila kama ndani wamekaa wazee wa umri wa baba yako na shikamoo imekutoka, usianze kujirekebisha, endelea, hakuna atakayekunyima maksi kwa adabu. Ukiambiwa kaa sema asante kisha kaa.

Swali la kwanza karibu siku zote ni jieleze. Hapo usisimulie ulizaliwa wapi na mko wangapi kwenu. Dakika moja na nusu, inatosha, jina, elimu, ulichowahi kufanya kinachogusa majukumu yale, na kwanini uko pale. Mfano: "Naitwa fulani, nina astashahada ya utawala wa serikali za mitaa kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo. Wakati wa fildi nilikuwa ofisi ya kata, nilikuwa naandaa mihtasari ya kamati ya maendeleo ya kata na kupokea malalamiko ya wananchi kwenye rejista. Pale niliona migogoro mingi inakua kwasababu haikuandikwa mapema, na hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuifanya vizuri nikiwa mtendaji." Kama hujawahi kuajiriwa usiseme sina uzoefu ukanyamaza. Fildi ni uzoefu, kujitolea ni uzoefu, kuwa katibu wa kikoba cha mtaani ni uzoefu wa kuandika hesabu na mihtasari, kuwa karani wa sensa ya 2022 ni uzoefu wa kufika nyumba kwa nyumba. Usiongeze chumvi tu, kwasababu wakichimba swali la pili na la tatu utakwama.

Wakikuuliza eleza siku uliyokutana na changamoto kazini, sema hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ukafanya nini, ikaishaje. Watu wanatumia muda mwingi kwenye hali na hawafiki kwenye walichofanya. Udhaifu wako ni upi? Taja udhaifu wa kweli usiogusa roho ya kazi yenyewe na useme unaushughulikiaje, lile jibu la "mimi ninafanya kazi kupita kiasi" wamelisikia mpaka wamechoka. Uko tayari kupangiwa kituo chochote? Hili lijadili na familia yako kabla, kama una mtoto mchanga au mzazi mgonjwa lijue moyoni mwako, ili ukisema ndiyo iwe ndiyo kweli. Mshahara hakuna kubishana, ngazi yake imeandikwa kwenye tangazo, ijue tu.

Na swali usilolijua sema kwa utulivu kwamba hilo kwa sasa silifahamu vizuri, kama kuna sehemu unaijua sema hiyo. Kubuni kifungu cha sheria mbele ya watu wanaoifanyia kazi kila siku ni hatari.

Mavazi, kaa ndani ya waraka wa mavazi ya watumishi wa umma, suti siyo lazima. Shati safi la mikono mirefu, suruali ya kitambaa, viatu vya kufunika, dada sketi au gauni lililovuka magoti na lisilobana. Mtumba uliopigwa pasi vizuri unatosha kabisa, usikope hela ya suti wakati nauli hujapata.

Safari

Nauli, chakula na malazi ni juu yako, wanaandika wazi. Kama umepangiwa Dodoma fika siku moja kabla, tafuta gesti mapema kwasababu wiki za usaili zinajaa na bei inapanda, au uliza ndugu na watu wa kanisani msikitini kwenu, mara nyingi kuna mtu ana sehemu ya kukufikishia. Kama ukumbi uko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, usiseme tu unaenda UDOM, chuo ni kikubwa sana, mwambie bodaboda ni ndaki (college) ipi. Jioni ile ya kufika nenda ukapaone kwanza, uhesabu muda. Asubuhi kula, beba maji, beba kalamu mbili, simu izime.

Kuna jambo moja la kusema kwa nguvu. Utapigiwa simu au utatumiwa meseji na mtu anajiita afisa, ana mtihani, ana nafasi yako, tuma laki tatu. Usitume. Hakuna anayeuza nafasi halali, ni matapeli, na hata akiwa mtumishi wa kweli hiyo ni rushwa na mtoaji ana kosa kama mpokeaji. Hifadhi hiyo namba na meseji upeleke TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, piga 113, ni bure. Inauma sana kusikia mama kauza mbuzi akamtumia tapeli hela ya mwanae.

Ukishatoka kwenye mahojiano, siku hiyohiyo andika maswali yote uliyoulizwa kabla hayajakutoka, na yale uliyojibu vibaya yatafutie majibu. Endelea kuingia kwenye akaunti yako. Kuna watu wanafaulu lakini nafasi zinajaa, majina yao yanabaki kwenye kanzidata na wanakuja kupangiwa zikitokea nafasi nyingine za kada hiyo, kwahiyo usibadilishe namba ya simu wala usisahau pasiwadi. Na ukipangiwa kituo, soma barua inataka uripoti ndani ya siku ngapi na uende na vyeti vyako halisi vilevile, maana mwajiri naye anavikagua kabla hajakupa barua ya ajira, na ukichelewa bila taarifa nafasi anapewa mwingine.